Maua mafupi ya msimu kwa mbegu hapa Dodoma: maswali mnayoniuliza kila siku

Mbukwenyi! Nimeamua kuyaweka pamoja maswali ninayoulizwa getini, kwenye simu, baada ya ibada, mpaka ndani ya daladala, kuhusu haya maua mafupi ya kupanga pembeni ya njia na mbele ya baraza. Mi nipo Nkuhungu, naotesha kwa mbegu mwaka wa nane huu, na karibu kila anayekuja kwangu amekata tamaa anakuwa amekosea sehemu zilezile mbili: amefata kalenda ya kwenye paketi badala ya kalenda ya Dodoma, au ameipoteza miche yake ndani ya wiki mbili za kwanza. Kwaiyo hayo mawili nitayarudia rudia, mnivumilie.

Maua mafupi ya msimu ni yapi hasa?

Ni yale unayotesha kwa mbegu, yanakua, yanachanua, yanatoa mbegu na kufa ndani ya miezi michache, na urefu wake hauzidi sana sentimita 30, yani yanajaa chini kama zulia. Marigodi ya Kifaransa (jina tu hilo, asili yake ni Mexico), petunia, zinia zile fupi, vinka, portulaka, salvia nyekundu, alisamu, gomfrena fupi, selosia fupi. Vinka kwa hali ya hewa yetu inaweza kuishi zaidi ya mwaka, ila ikizeeka inakuwa na miti miti chini na maua machache juu, mi huwa naing'oa tu.

Angalia kitu kimoja unaponunua: karibu kila ua hapo juu lina ndugu yake mrefu. Kuna marigodi inafika kiunoni, kuna zinia inafika mita moja. Ufupi uko kwenye mbegu yenyewe, huwezi kuchukua mbegu ya zinia ndefu ukaifanya fupi kwa kuikata kata. Soma urefu kwenye paketi kabla ya kuangalia picha, maana kwenye picha ua ni ua tu, hujui limesimama kwenye shina la urefu gani.

Dodoma na ukame huu, kweli yanastawi?

Yanastawi sana, na kuna mambo tumewazidi watu wa Pwani. Sisi tupo juu, kama mita 1,100 na zaidi kidogo kutoka usawa wa bahari, usiku kunapoa, hewa kavu, magonjwa ya ukungu kwenye majani ni machache ukilinganisha na kule kwenye unyevunyevu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba inaisha Aprili hivi, wastani wa milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka mzima, kwaiyo kazi kubwa ni maji na upepo. Jua sio adui wa haya maua, wengi wao kwao huko Mexico, Brazil na Madagaska wamezoea jua.

Ila usichimbe bustani kubwa kuliko ndoo zako. Kwenye miezi ya jua kali na upepo, mita moja ya mraba inakunywa kama lita 5 mpaka 6 kwa siku. Ndoo moja ya lita 20 inakutoshea mita za mraba 3, au 4 ukiibana. Kaa chini uhesabu, siku za mgao wa maji una ndoo ngapi za kutoa kwa maua baada ya kufua na kupika? Kama ni mbili basi bustani yako ni mita 6, panda hizo 6 zipendeze. Nimeona mtu mtaa wa Kisasa kapanda fensi nzima kuzunguka nyumba, mwezi wa tisa yote imekuwa rangi ya nyasi kavu, inauma kuangalia.

Naanza na ua gani kama sijawahi kabisa?

Marigodi ya Kifaransa. Mbegu ni ndefu kama kipande cha sindano yenye mkia mweupe, unaishika kwa vidole, inaota siku ya 4 mpaka ya 7, na kutoka siku ya kupanda mpaka ua la kwanza ni wiki 8 hivi. Ikikushinda marigodi ujue tatizo ni udongo au maji, sio mkono wako.

Ya pili portulaka, kama una sehemu ya jua kali ambayo hakuna kitu kinakaa, ule ukingo wa pevingi au juu ya kokoto. Majani yake yamenona yanatunza maji. Watu wananiuliza mbona mchana wa mawingu maua yamefumba, wanadhani limekufa: ndo tabia yake, linafungua kwa jua, likikosa jua linafumba.

Petunia isiwe ya kwanza. Nzuri kuliko zote machoni pangu lakini iache mpaka umeshafanikiwa na hizo nyingine.

Nipande mwezi gani?

Hili ndo swali lenyewe.

Paketi nyingi zinatoka Ulaya na zimeandikiwa watu wenye barafu. Zinasema otesha ndani Februari au Machi, toa nje Mei baridi ikiisha. Sisi barafu hatuna. Ukifata maneno hayo Dodoma unaotesha katikati ya mvua. Kingine, kule mchana wa kiangazi unafika saa 16 na zaidi, huku kwetu mwaka mzima mchana unacheza karibu na saa 12, kwaiyo hata yale maua yanayosubiri siku fupi ndo yachanue, kama marigodi kubwa ya Kiafrika, kwetu hayasubiri.

Mi nagawa mwaka hivi. Mwisho wa Machi mpaka Mei, mvua zinapoaga, naotesha vinavyopenda ubaridi: petunia, alisamu, salvia. Hivi vinachanua Juni mpaka Septemba, wakati usiku kwetu unashuka mpaka nyuzi 13 au 14 na petunia inakuwa na rangi utadhani imepakwa. Agosti mwishoni mpaka Oktoba naotesha vya joto: vinka, portulaka, gomfrena, zinia, selosia. Hivyo vinaingia Novemba bila wasiwasi, lile joto la kabla ya mvua ambalo petunia inalegea na kurefuka mashina.

Vinka usiioteshe Juni au Julai hata ukiwa na haraka kiasi gani. Inataka joto la udongo nyuzi 24 na kuendelea, kwenye ubaridi ule mbegu inakaa kwenye maji inaoza. Kila mwaka mwezi wa saba napigiwa simu na mtu anasema mbegu za vinka alizouziwa ni feki. Sio feki, ni Julai.

Marigodi haina masharti, mi naotesha karibu kila mwezi isipokuwa Januari.

Nataka yachanue siku maalum, nahesabuje?

Hesabu kurudi nyuma. Marigodi ya Kifaransa wiki 8, zinia fupi wiki 8 mpaka 10, petunia wiki 11 au 12, vinka wiki 14 mpaka 16. Ukitaka marigodi Krismasi, otesha kabla ya katikati ya Oktoba, nakuongezea wiki mbili za dharura. Vinka ya Krismasi lazima iwe kwenye trei mwanzoni mwa Septemba. Wanaopamba kwa ajili ya Nanenane pale Nzuguni wakitaka petunia waoteshe mwanzoni mwa Mei, maana nane Agosti haisogei. Hivyohivyo kwa kipaimara au send-ofu ya nyumbani, ukija wiki 3 kabla kuomba mbegu nitakwambia tu nenda kanunue miche iliyokwisha komaa.

Udongo wa kitalu nachanganyaje?

Udongo mwekundu wa hapa peke yake hapana. Ukimwagilia unaganda juu kama tofali na mche mdogo haupenyi. Na ule mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi, ukikauka unapasuka na kukata mizizi.

Changanya mafungu matatu: mchanga wa mtoni uliooshwa, mboji iliyoiva vizuri, na udongo wa juu kutoka chini ya mti. Chekecha na chekeche ya unga uliyoistaafisha. Mboji ikiwa haijaiva (ukishika bado ya moto au inanuka) achana nayo. Samadi ya ng'ombe mbichi ina chumvi na mbegu za magugu, isubiri miezi mitano sita. Ukipata kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) kwenye duka la pembejeo ni nzuri, ila iloweke na kuikamua maji mara mbili kwanza maana nyingine inakuja na chumvi.

Alafu uuchemshe udongo. Naweka mchanganyiko kwenye ndoo ya bati, namwaga maji yanayochemka mpaka uloe wote, nafunika na gunia mpaka upoe, naacha ukauke kidogo kabla ya kutumia. Hii sio hiari kwa petunia.

Chombo chochote kifupi chenye matundu chini kinafaa: trei za miche, kopo la mtindi, boksi la plastiki la keki. Kina cha sentimita 5 kinatosha.

Mbegu za petunia ni kama vumbi, nazipandaje?

Gramu moja ina mbegu kama 10,000, kwaiyo kile kidogo kwenye paketi unaweza kukipoteza kwa kupiga chafya. Funga mlango, zima feni, usifanye barazani hata siku moja na huu upepo wetu.

Mi nafanya hivi. Nachukua kijiko kimoja cha chai cha mchanga mkavu laini, mweupe kama naupata ili nione ulipoangukia, naumwaga kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, namwaga mbegu juu yake nachanganya na kijiti cha meno. Udongo kwenye trei unakuwa tayari umeloa na umesawazishwa na kipande cha ubao. Nashika karatasi kwa mkono wa kushoto, kwa kidole cha mkono wa kulia nagonga gonga taratibu, mchanga unadondoka kidogokidogo kwenye mkunjo, natembeza mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana. Basi. Sifuniki na udongo. Petunia inahitaji mwanga ndo iote, ukiifukia hata nusu sentimita umeizika. Nagandamiza kidogo na ubao ule ule, nafunika kioo au nailoni nyeupe, naweka sehemu yenye mwanga lakini sio jua la moja kwa moja. Siku ya 7 mpaka ya 12 unaona kijani chepesi, inabidi uiname uso karibu uguse trei ndo uone vile vijani viwili, kila kimoja hakizidi kichwa cha pini.

Paketi nyingine zinakuja na mbegu zimevikwa ganda kama punje ndogo za kidonge. Hizo ni rahisi, unaweka moja moja, ila siku za kwanza zisikauke kabisa maana lile ganda lazima liyeyuke.

Na mbegu nyingine, nafunika au sifuniki?

Petunia, portulaka, alisamu na salvia: mwanga, usifunike, au nyunyiza mchanga mwembamba usioficha mbegu. Marigodi na zinia: funika nusu sentimita. Vinka ni kinyume cha petunia, inataka giza, funika na udongo alafu juu weka gazeti au boksi nene, uwe unachungulia kila siku kuanzia siku ya 7, ukiona vichwa vimetoka ondoa gazeti saa hiyohiyo.

Zinia mi siioteshi kwenye trei siku hizi, haipendi kuhamishwa. Napanda palepale itakapokaa, mbegu mbili kila shimo, naondoa iliyo dhaifu.

Miche imeota vizuri, asubuhi nimekuta imelala chini imekufa. Nimerogwa?

Hujarogwa, ni kinyausi. Ni vimelea vya kwenye udongo wenye maji mengi, vinakula shina pale linapogusa udongo, ukiangalia kwa karibu utaona pamekuwa pembamba kama uzi uliochovywa kwenye chai, juu majani bado ya kijani. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza trei nzima ya salvia hivyo, jioni nilimwita jirani aje aone zilivyopendeza, asubuhi zimelala zote upande mmoja. Nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni na nailoni sijaitoa, nilidhani ndo upendo.

Vitu vinavyoleta: udongo ambao haujachemshwa, mbegu zimebanana, nailoni imebaki baada ya kuota, na kumwagilia jioni. Ondoa nailoni pale unapoona karibu nusu ya mbegu zimetoka. Mwagilia asubuhi tu, na usimwagie juu, weka trei kwenye beseni lenye maji ya sentimita 2, inyonye kwa chini mpaka uone juu pameloa, dakika 15 hivi, toa, ichuruzike. Usirudie mpaka uso wa udongo ubadilike rangi uwe mwepesi. Mwanzo utaogopa, utaona kama unaitesa, lakini mizizi ndo inashuka chini kutafuta.

Ikishaanza, chota ile sehemu iliyolala pamoja na udongo wake na kingo za pembeni, tupa mbali, acha kumwagilia siku moja mbili, ipe hewa. Dawa za ukungu zipo kwenye maduka ya pembejeo, soma kipimo kwenye lebo, ila kusema kweli hazifufui uliolala, zinakinga waliobaki.

Miche yangu imekuwa mirefu, myembamba, inapinda.

Imekosa mwanga. Umeiacha ndani au chini ya bati la baraza siku nyingi ukiogopa jua. Toka siku inayoota, miche inataka jua la asubuhi, saa moja mpaka saa nne, alafu kivuli chepesi, neti ya kivuli ya asilimia 50 inatosha au matawi ya mwarobaini yaliyotandazwa juu ya vijiti. Kila baada ya siku tatu nne unaongeza saa moja ya jua. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha iwe nje mchana kutwa.

Iliyokwisha refuka, marigodi unaweza kuiokoa kwa kuihamisha na kuifukia mpaka karibu na majani ya kwanza, shina lake linatoa mizizi. Vinka usiifukie hivyo itaoza.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, majani yanakuwa ya njano. Nifanyeje?

Hili swali linatoka Ihumwa, Nala, Msalato, kila upande, maana maji mengi ya visima huku ni mazito. Utaona utando mweupe mgumu kwenye kingo za chungu na birika la chai ndani limejaa magamba, maji ni yaleyale. Petunia ndo inayoonyesha kwanza: majani machanga ya juu yanakuwa ya njano, mishipa inabaki ya kijani. Hapo mmea umekosa chuma, sio kwamba udongo hauna, ni kwamba magadi yamefanya chuma kisinyonyeke. Watu wanakimbilia yurea, na yurea haitibu hiyo.

Kuchemsha au kulaza maji usiku haviondoi chumvi. Kinachosaidia ni haya. Kwanza maji ya mvua: weka gata hata upande mmoja wa bati, jaza pipa moja mwezi wa pili wa tatu, lifunike vizuri mbu wasiingie, hayo ni ya miche tu, miche inakunywa kidogo mno na pipa la lita 200 linakupeleka mbali. Pili, bustanini ukimwagilia mwagilia kwa wingi kila baada ya muda badala ya vikombe vidogo kila siku, maji mengi yanasukuma chumvi chini ya mizizi, machache yanaiacha juu. Tatu, mboji nyingi. Nne, chagua mmea: portulaka na gomfrena zinavumilia kuliko petunia na salvia. Kama maji yako ni makali mpaka sabuni haitoi povu, usipoteze hela kwenye petunia, na nasema hivi mimi ninayeipenda.

Nahamisha lini na nafasi kiasi gani?

Ukiona majani halisi manne mpaka sita, yale mawili ya mwanzo usiyahesabu. Hamisha saa kumi na moja jioni, mwagilia trei saa moja kabla, shika mche kwa jani sio kwa shina, jani likikatika linaota lingine. Siku tatu za kwanza funika na kivuli hata cha tawi. Na kama ni Julai mpaka Septemba weka kizuizi cha upepo upande wa mashariki, gunia au matete, upepo wetu unakausha mche kuliko jua.

Marigodi na portulaka sentimita 20, petunia na vinka 25, alisamu 15. Kwa 20 unapata miche 25 kwa mita ya mraba, kwa 25 unapata 16. Njia ya mita 6 yenye mistari miwili ya marigodi inataka miche 60, mi ningeotesha mbegu 90, nyingine hazitaota, nyingine kuku atapita nazo, zitakazobaki mpe jirani.

Juu ya udongo tandaza kitu. Nyasi kavu ni nzuri lakini huku mchwa watakushukuru, mi natumia pumba za mpunga juu ya mboji, na pale mchwa walipozidi naweka kokoto ndogo.

Kukata kichwa ni lazima?

Petunia na salvia ndiyo. Mche ukifika sentimita 10 hivi, finya ile ncha ya juu kwa kucha juu ya jani la tatu au la nne. Roho inauma maana mara nyingi ndo panakuja ua la kwanza. Baada ya siku kumi utaona vichipukizi vinne vitano badala ya kimoja, na ndo mmea unajaa. Marigodi fupi na vinka za siku hizi zinajigawa zenyewe, ziache.

Baada ya hapo kazi ni kutoa maua yaliyokauka kabla hayajafanya mbegu. Bibi mmoja jirani yangu hapa anapita kila asubuhi na kikapu, akiongea na simu anachuma yaliyokauka, dakika kumi, na marigodi yake mwaka jana ilichanua miezi minne bila kupumzika. Yangu, niliyokuwa naikumbuka Jumamosi kwa Jumamosi, ilichoka miezi miwili na nusu.

Mbolea?

Kidogo. NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 kwa miche yenye majani halisi, kwenye lita 5 kwa iliyokwisha hamishwa, mara moja kila wiki mbili. Loweka usiku uikoroge, haiyeyuki yote. Yurea nyingi inakupa majani makubwa na hakuna ua, na ule ufupi ulioununua unapotea. Portulaka usiipe kitu.

Wadudu gani wa kuogopa?

Sota, kiwavi wa kwenye udongo, anakata mche usiku chini kabisa, asubuhi fukua hapohapo utamkuta amejikunja, zungushia mche kipande cha kikombe cha karatasi. Vidukari kwenye ncha laini, maji ya sabuni. Utitiri mwekundu kwenye marigodi wakati wa kiangazi kikavu, majani yanakuwa na vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba kama buibui, piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo, wanachukia unyevu. Ukisikia mtu anasema marigodi inafukuza wadudu wote, sio wote, hao utitiri wanaipenda kabisa. Kuku na mbuzi ni kazi ya fensi, hakuna dawa.

Naweza kuvuna mbegu zangu mwenyewe?

Inategemea. Kama paketi imeandikwa F1, hiyo ni mbegu chotara, watoto wake hawatafanana na mama, mmoja mrefu, mmoja mfupi, rangi zimechanganyika. Zisizo za F1 vuna, marigodi ni rahisi kuliko yote: acha ua bora likauke lenyewe kwenye mmea, vuna saa nne asubuhi umande umeisha, anika kivulini wiki moja, weka kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na tarehe, weka kwenye kopo lenye mfuniko sehemu ya baridi. Kwenye stoo ya bati joto linaua mbegu.

Mbegu za mwaka juzi au ulizouziwa na huna imani nazo zipime. Chukua 10, zipange kwenye tishu iliyoloa, kunja, weka ndani ya mfuko mdogo mahali pa joto. Baada ya wiki moja au mbili hesabu: zikiota 7 panda kawaida, zikiota 3 panda mara mbili, zikiota 0 rudisha dukani. Mi niliwahi kununua paketi sita za alisamu kwa muuzaji mmoja, zilikuwa zimekaa dirishani kwenye jua sijui misimu mingapi, haikuota hata moja na msimu ukapita. Tangu hapo naangalia tarehe na naangalia zimetundikwa wapi.

Shemeji yangu yuko Uingereza, anitumie mbegu kwenye bahasha?

Usifanye hivyo kimyakimya. Kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, wanaohusika ni TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Mbegu zinaweza kubeba magonjwa ambayo hatuna, na huku watu wanaishi kwa alizeti na zabibu.

Kweli vinka ina sumu?

Ndiyo, usiile wala usichemshe majani kujitibu. Ni mmea huohuo ambao viwandani wanatoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini, ni dawa kali zinazopimwa kwa umakini mkubwa na daktari. Kama una mtoto anayeweka kila kitu mdomoni panda marigodi kwenye usawa wake, vinka iwe kule nyuma. Kuipanda na kuishika hakuna shida, osha mikono.

Kwangu jua halifiki, upande wa ukuta wa jirani. Kuna ua la hapo?

Impatiensi. Na huyu ni mwenyeji, asili yake ni misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, wazungu ndo walimchukua wakamfupisha wakatuuzia kwenye paketi. Mbegu zake zinataka mwanga kuota, siku 10 mpaka 20, usizifunike. Ila kwao ni msituni sio Dodoma, kwaiyo usimpange na bustani nzima: mweke kwenye vyungu vitatu vinne karibu na bomba, mahali ambapo maji ya kuoshea mboga yanaweza kumfikia kila siku. Akikosa maji mchana mmoja analala kabisa kama amekufa, mwagilie saa kumi, ikifika magharibi ameshasimama.